Kununua Ruhusa: Leseni na Madaraja ya Mfumo Endeshi wa Kompyuta za Chama

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha matengenezo ya kawaida ya mfumo endeshi wake uitwao Windows 10, ambao ulianza kutolewa mwezi Julai 2015. Mashine zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka, kuandika barua na kupiga hesabu kama jana yake, na hilo ndilo lililowafanya wengi wasishtuke. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani masahihisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambamo wezi na virusi huweza kupenya. Kwa mtu anayetazamia picha tu, huenda hasara yake ikawa ndogo. Kwa chama ambacho daftari la wanachama, hisa, mapokezi ya kahawa ya Kalinzi au malipo ya wavuvi yamo katika mashine moja mezani kwa Katibu, jambo hili ni la fedha za watu.

Hivyo Bodi nyingi zinaulizana: chama kinunue nini? Madukani jibu hutolewa upesi: leteni mashine, itawekwa Windows 11, mtaichukua jioni. Bei hutajwa, risiti huandikwa maneno mawili, "kuweka Windows", na Katibu hurudi kijijini. Risiti ya namna hiyo haionyeshi kilichonunuliwa. Je, ni kazi ya fundi? Je, ni programu? Au ni leseni?

Hapana budi lifahamike kwamba mwenye kulipia mfumo endeshi hanunui mfumo wenyewe. Ananunua ruhusa ya kuutumia. Mwanachama wa pwani ya Kibirizi au Katonga halioni jambo hili kuwa geni. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, chombo husajiliwa na kukatiwa leseni yake, na mvuvi naye hukata ya kwake. Leseni ya mtumbwi uliozama haihamii kwenye mtumbwi mpya kwa sababu tu mwenyewe ni yule yule. Leseni za Windows nazo ziko hivyo.

Ya kwanza ni ile inayokuja ndani ya mashine tangu kiwandani, ambayo wafanyabiashara huiita OEM. Hiyo ni leseni ya chombo. Imefungwa kwenye ubao mkuu wa mashine ile, na mashine ikifa, leseni hufa nayo. Ya pili ni leseni ya rejareja. Hiyo hununuliwa peke yake, na chama kinaweza kuihamishia mashine nyingine mradi kiiondoe kwanza kwenye ile ya zamani. Ya tatu ni leseni ya jumla, wanayouziwa wenye mashine nyingi kwa mkataba. Hii ndiyo inayowapoteza wengi, kwa kuwa kwa upande wa Windows leseni ya jumla ni ya kupandisha daraja tu. Mashine inayowekewa leseni hiyo hupaswa kuwa tayari na leseni halali ya msingi. Asiye na ya msingi hajapandisha kitu.

Sasa lipo jambo ambalo vyama kadhaa vimelilipia bila sababu. Mashine yenye leseni halali ya Windows 10, na yenye vifaa vinavyokubalika, hupandishwa kwenda Windows 11 bila malipo ya leseni. Daraja hubaki lile lile: iliyokuwa Home huwa Home, iliyokuwa Pro huwa Pro. Fundi anastahili ujira wa kazi yake, hilo halina ubishi, lakini ujira wa fundi uandikwe ujira wa fundi. Tena faili la kuwekea mfumo si leseni. Chama Kikuu chaweza kulipakua mara moja kwenye mtandao wenye nguvu pale mjini, kikalitia katika flashi na kuvipelekea vyama vya Kagunga au Kalya kwa boti, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Faili hilo linazidi GB 4, na kila chama kikilivuta chenyewe kwa bando la simu, gharama yake si ndogo.

Shida iko kwenye vifaa. Windows 11 hudai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakato kilichomo katika orodha ya kampuni. Kwa mashine za Intel, takriban vile vya kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta nyingi za mtumba zilizomo maofisini ni za zamani kuliko hapo. Wazee wa Kigoma wataikumbuka Liemba, meli iliyoingizwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudishwa kazini mwaka 1927, na katika miaka ya 1970 ikaondolewa injini za mvuke na kutiwa za dizeli. Kompyuta nyingi hazina bahati hiyo. Wapo mafundi wanaojua kuukwepesha ukaguzi wa Windows 11 ukaingia katika mashine isiyokubalika, lakini kampuni haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masahihisho. Chama kitakuwa kimelipa ili kirudi pale pale kilipokuwa.

Kuhusu madaraja, Home na Pro, Bodi isinunue jina. Bei ya orodha ya Windows 11 Home huko Marekani ilikuwa dola 139, na Pro dola 199.99, kupanda kutoka Home kwenda Pro ni dola 99. Tofauti yake ni hii. Pro huweza kuunganishwa na mtandao wa ofisi unaosimamiwa kutoka mahali pamoja, huweza kuendeshwa na mtu aliye mbali kwa njia ya Windows yenyewe, na humpa msimamizi uwezo wa kuweka kanuni na kusimamia kikamilifu ufungaji wa kumbukumbu kwa msimbo. Chama cha Msingi chenye mashine moja na Katibu mmoja, ambacho kazi yake kubwa ni kuingiza taarifa katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika na kuchapa hati za malipo, Home inakitosha kabisa. Chama Kikuu chenye mashine kumi na mhasibu, mtunza ghala na mtunza fedha wanaotumia kumbukumbu za pamoja, hicho kinahitaji Pro. Kati ya hao wawili, Bodi itazame kazi iliyopo, wala si kazi inayotamaniwa.

Hata hivyo Home ina mtego mmoja ambao ni mkubwa kuliko tofauti ya bei. Wakati wa kuiweka, hudai mtandao na akaunti ya Microsoft. Katibu, akitaka kazi iishe, huandika akaunti yake binafsi iliyo katika simu yake. Mashine nyingi mpya hapo hapo hufunga kumbukumbu zote kwa msimbo, na ufunguo wa kufungulia huhifadhiwa katika akaunti ile. Miaka miwili baadaye Katibu amehama, au amegombana na Bodi, au amefariki. Mashine inatengenezwa, inawashwa, inadai ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo uko kwa mtu asiyekuwepo, na daftari zima la wanachama limo ndani. Fundi hawezi kulifungua. Lingekuwa linafunguka kwa fundi, ufungaji huo ungekuwa hauna maana. Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa jina la chama, na nywila yake ijulikane kwa watu wawili walioteuliwa na Bodi.

Ziko pia leseni za bei ya karanga. Muuzaji huleta namba ndefu katika karatasi au katika ujumbe wa simu, na mashine huikubali. Mara nyingi namba hizo zimetolewa katika mikataba ya jumla ya vyuo au makampuni, zikauzwa kwa mamia ya watu, na siku kampuni ikigundua huzifunga zote. Nyingine si namba kabisa, ni programu ndogo inayoidanganya mashine kwamba imeidhinishwa. Anayeiendesha huambiwa kwanza azime kinga ya virusi, na neno hilo peke yake lilipaswa kumstua. Mbali na hatari hiyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na chama, kwa kuwa kimeandikishwa na hukaguliwa, hakiwezi kusema hakikujua.

Katibu anaweza kuanza uchunguzi mwenyewe. Afungue dirisha la amri, aandike slmgr /dli, na mashine itaeleza aina ya leseni: OEM, RETAIL au VOLUME. Mashine iliyonunuliwa na Home ya kiwandani, na leo inajitambulisha kuwa Enterprise yenye leseni ya VOLUME, imeguswa na mtu. Jibu safi pia si ushahidi kamili, maana wadanganyifu wamekwisha kujifunza. Ushahidi wenye nguvu ni hati ya manunuzi: jina la chama, daraja la mfumo, aina ya leseni, na namba ya mashine iliyowekewa. Mkaguzi akifika, hiyo ndiyo atakayoitaka.

Kwa mashine zisizoweza kupanda, Microsoft ilitangaza kuuza viraka vya ziada. Bei kwa taasisi ilitangazwa kuwa dola 61 kwa mashine moja kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka mitatu isiyozidi. Jumla yake ni dola 427, na anayeanza mwaka wa pili hulipia pia wa kwanza. Mahesabu hayo hayahitaji mhasibu. Kwa fedha hizo chama hukaribia mashine nyingine.

Njia ya nne huzungumzwa kidogo mno. Mifumo ya jamii ya Linux, kama Ubuntu, haina ada ya leseni na huridhika na mashine za zamani. Kiswahili nacho kimo humo tangu zamani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi zinazofanywa kwa kivinjari cha mtandao, MUVU ikiwemo, zinaweza kufanyika humo. Zisizofanyika ni programu za uhasibu zilizotungwa kwa Windows tu, na baadhi ya mashine za kuchapia. Kwa hiyo ijaribiwe kwanza kwa flashi, bila kufuta chochote, na printa ya chama ikiwa imechomekwa.

Wakati wa kufanya mabadiliko nao uchaguliwe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, na ofisi za vyama vya wavuvi zikawa na nafasi. Vyama vya kahawa visianze katikati ya mapokezi. Siku yenyewe, kumbukumbu zote zinakiliwe katika diski mbili, moja ikae nje ya ofisi. Kompyuta ya mezani iwe na betri ya akiba, kwani umeme ukikatika katikati ya kupandisha mfumo mashine yaweza kugoma kuwaka. Kazi ikiisha, ule ufunguo wa tarakimu 48 uchapwe, usainiwe na Mwenyekiti na Katibu, na uwekwe katika kasha la fedha pamoja na hati ya leseni.