Nani Analipa Mafuta ya Moto ya Mtoto?

Masomo: Wagalatia 6:1-5, Luka 14:28-30, 1 Samweli 2:18-19

  Leo sitahubiri juu ya mambo ya mbali. Nitahubiri juu ya moto, ile pikipiki iliyolala usiku sebuleni kwako kwa sababu unaogopa wezi.

Siku hizi katika mji wetu wa Uvira wazazi wengi wanamnunulia kijana moto. Mmoja anamnunulia ili aende chuo, mwingine ili abebe watu kati ya Kavimvira na Kalundu, alete makuta nyumbani. Siku ya kuinunua kuna furaha, na pasta anaitwa kuiombea. Lakini baada ya mwezi mmoja makelele yanaanza. Mafuta nani analipa? Vidanje nani analipa? Nimekaa na familia nyingi katika kesi hii. Na kabla ya kuwasema wengine, nitaanza na nyumba yangu.

Nilimwahidi mwanangu wa kwanza: ukifaulu Egzeta, nitakununulia moto. Akafaulu, akiwa na miaka 18. Zamu yangu ya likilimba ilikuwa imefika, nikatimiza neno langu. Nilisimama mbele ya kanisa na kushuhudia. Watu walipiga makofi, nami nilijisikia baba kweli kweli.

Lakini hatukuongea nani atalipa nini. Mwezi wa kwanza nilitoa pesa ya mafuta bila kuuliza. Mwezi wa pili nilianza kununa. Yeye alikuwa akisoma asubuhi na kubeba watu mchana, nami nilijua anapata kitu, ila sikujua ni kiasi gani. Jioni moja akaniambia: "Papa, plaketi za freni ya mbele zinaisha." Nikamjibu: "Kila siku mafuta, kila siku freni! Si uko unapata makuta? Moto ni yako." Akanyamaza. Hakuniomba tena. Naye hakuzinunua, kwa maana makuta yake alikuwa anayaweka kwa ajili ya minervali ya chuo.

Wiki mbili baadaye, karibu na daraja la Kalimabenge, alimgonga mama mmoja aliyekuwa anatoka ziwani na beseni la ndagala kichwani. Freni haikushika. Mama yule alivunjika mkono, na samaki wote wakamwagika barabarani. Nilipofika pale alipolazwa, hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Pasta, hii moto ni ya nani?"

Wapendwa, nilikosa jibu. Karte roze ilikuwa na jina langu. Siku ya kushuhudia kanisani nilisema moto ni yangu, mimi ndiye niliyeinunua. Siku ya freni nilisema ni ya mtoto. Sasa siku ya mkono uliovunjika, ingekuwa ya nani? Bei ya plaketi ni kama ya lita chache za mafuta. Nilikataa kulipa kidogo hicho, nikalipa kingi. Tena mama yule alikaa miezi bila kuuza, naye ana watoto. Maumivu yake sikuweza kuyalipa.

Tusome sasa Neno. Katika Wagalatia sura ya 6, mstari wa 2, Paulo anatuagiza tubebeane mizigo. Mstari wa 5 anasema kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe. Je, Paulo anajipinga? Hapana. Katika Chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba kwa Kigiriki maneno ni mawili. Mstari wa 2 unatumia neno baros, uzito unaomlemea mtu hadi aanguke asipopata msaada. Mstari wa 5 unatumia phortion, mzigo wa kawaida wa safari, ule ambao kila msafiri anajitwika. Ni neno lile lile ambalo Bwana Yesu alilitumia katika Mathayo 11:30 aliposema mzigo wake ni mwepesi.

Basi kazi ya mzazi ni kutofautisha mizigo hii miwili. Ukimbebea mtoto phortion yake, unamlemaza. Ukimwachia baros peke yake, unamvunja. Mimi nilifanya makosa yote mawili ndani ya miezi miwili.

Jambo la kwanza: hesabu kabla ya kununua. Katika Luka 14 Bwana anataja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza anaketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Bei ya dukani ni msingi tu. Moto inakunywa mafuta kila siku. Inataka vidanje, na ile inayobeba watu mchana kutwa inaitaka mapema kuliko ile ya kwenda kanisani. Inataka shene, pinyo, buji, mipira na freni. Inataka plaki, asiransi na permi. Inataka kofia mbili, ya dereva na ya abiria. Mama mjane unayenisikiliza, kama pesa yako inatosha bei ya dukani tu, ngoja kwanza. Kungoja si aibu, wala si kukosa imani. Moto bila freni si baraka, hata kama pasta ameipaka mafuta ya upako.

Na kama mtoto hajafika miaka 18, usimpe. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Tena sheria yetu ya raia inamtaka mzazi ajibu kwa hasara iliyofanywa na mtoto anayekaa naye nyumbani. Wagalatia 4:1-2 inatufundisha hivyo hivyo: mrithi, wakati angali mtoto, yuko chini ya walezi mpaka wakati uliowekwa na baba. Kumkatalia leo si kumnyima urithi.

Jambo la pili: kinacholinda uhai ni juu ya mzazi. Tazameni Hana. Alimtoa Samweli kwa Bwana kule Shilo. Angeweza kusema: nimekwisha kumtoa, sasa Eli amvike. Lakini 1 Samweli 2:19 inatueleza kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Kila mwaka! Hana alijua mtoto anakua, na kanzu ya mwaka jana haitamfaa. Alitoa, kisha akaendelea kutunza alichokitoa. Baba, wewe uliyetoa moto, freni ndiyo kanzu yako ya kila mwaka. Freni, mipira, kofia, asiransi: hivyo ni baros. Kijana asiyekuwa nazo atapanda tu, maana kijana haamini kwamba atakufa. Usingoje akuombe. Jumamosi jioni shuka, shika freni kwa mkono wako mwenyewe, tazama mipira.

Jambo la tatu: kinachofuata matumizi ni juu ya kijana. Mafuta, vidanje, kuziba mpira uliotoboka, amende aliyojitafutia kwa kubeba watu watatu: hiyo ni phortion yake. Vijana, nisikieni. Lita unayoimaliza ukizungukazunguka ili wasichana wakuone, si Papa atakayeilipa. Ukilipa mafuta mwenyewe, utajifunza kutembea kwa mguu mpaka dukani. Utajifunza pia kutonunua chupa ya bei rahisi iliyochanganywa kwa Kadafi asiyejulikana, kwa sababu motere ikiharibika utaumia wewe. Aliye mwaminifu katika kidogo huwa mwaminifu katika kikubwa pia, ndivyo Luka 16:10 inavyofundisha. Lakini kama kijana anasoma tu na hapati kitu, mzazi ampe kiasi cha wiki kinachojulikana. Kikiisha, kimeisha.

Jambo la nne nalisema kwa huzuni. Wako wazazi wanaogeuza moto kuwa shamba lao na mtoto kuwa mtumwa wao. Kila jioni baba anangoja vesma mlangoni kama bosi, mvua inyeshe isinyeshe, mtoto awe mgonjwa au mzima. Kisha vitu vikiharibika: "Jilipie!" Ukichukua vesma, wewe ni mwenye mali, na mwenye mali ndiye anayetengeneza mali yake. Huwezi kukamua ng'ombe ukamwambia mwingine akate majani. Paulo katika 2 Wakorintho 12:14 anakumbusha kwamba kuweka akiba ni wajibu wa wazazi kwa ajili ya watoto. Kijana anayefukuzwa na vesma ndiye anayekimbiza moto. Ndiye anayebeba watu usiku. Damu yake utaulizwa.

Nyumbani kwetu, baada ya ajali, nilimwita mwanangu. Nilimwambia: "Mwanangu, nilikosa. Unisamehe." Naye alilia, akasema: "Papa, na mimi nilikosa. Nilijua freni imeisha, nikapanda." Tulikwenda pamoja kwa yule mama kuomba msamaha. Tulipatana kwamba mimi nitalipa matunzo yake, na mwanangu atampelekea sehemu ya makuta yake kila Jumamosi mpaka arudi sokoni. Alifanya hivyo, hakukosa hata Jumamosi moja. Ndipo nilipojua kwamba sasa ana miaka 18 kweli.

Tangu hapo tuna daftari. Upande mmoja umeandikwa "Papa", upande wa pili jina lake. Kila kitu kina upande wake, na Mama ndiye shahidi. Hatujagombana tena juu ya mafuta. Tumegombana juu ya mambo mengine, lakini si mafuta.

Kazi ya juma hili: wazazi na vijana, kaeni pamoja jioni moja, redio ikiwa imezimwa. Andikeni pande mbili. Mzazi aulize: "Ni kitu gani umeogopa kuniomba?" Kisha anyamaze, asikilize.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe ulitupa Mwana wako, wala hukuishia hapo, unatulisha kila siku. Utufundishe kutoa na kutunza. Linda vijana wetu barabarani, na wale wanaotembea kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.