Nani Anapima Umeme wa Suma?



Kwa miaka mingi mjadala wa umeme nchini umekuwa wa megawati. Tulihesabu Kidatu 204, tukahesabu Kihansi 180, na sasa tunahesabu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa 2,115. Kisha tukahamia kwenye vijiji: Wakala wa Nishati Vijijini ukasimamisha nguzo, na mwananchi akaunganishwa kwa shilingi 27,000. Hesabu hizo sizibezi. Ninachouliza leo ni hiki: umeme ukishafika Suma, ni umeme wa namna gani, na nani anaupima?

Nimeichukua kata ya Suma, wilayani Rungwe, kama mfano, bila kudai kwamba hali yake ni mbaya kuliko ya jirani zake. Swali lingekuwa lilelile Kyela au Makete.

Mwenye dhamana ya kusimamia ubora wa umeme ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, iliyoanza kazi mwaka 2006, nayo Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeipa nguvu. Kipimo kinachotumika zaidi, huku na duniani kote, ni wastani: zinajumlishwa saa ambazo wateja walikosa umeme, kisha zinagawanywa kwa wateja wote. Kinafaa kulinganisha Tanzania na Kenya. Kwa kata moja ya mlimani hakisaidii kitu. Tuseme mkoa una wateja 100,000, na wateja 500 wa kata moja wamekaa gizani saa 40. Gawanya. Wastani wa mkoa mzima umepanda kwa dakika 12 tu! Anayesoma taarifa hiyo akiwa Dodoma ataridhika, na kwa karatasi iliyo mbele yake ana haki ya kuridhika.

Tuwe waungwana kwa mafundi pia. Wilaya hii maeneo yake mengi hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Laini inapita juu ya migomba na kando ya mikaratusi, radi zinapiga, na hitilafu ikitokea usiku fundi hupanda mteremko wa utelezi akimulika nguzo moja baada ya nyingine. Kukatika kwa umeme hakutaisha Rungwe. Kunaweza kupungua.

Kinachonisumbua zaidi ni umeme uliopo lakini hautoshi. Watu husema tu, “Leo umeme ni mdogo.” Nyumbani ulipaswa kufika ukiwa na volti 230, lakini mwishoni mwa laini ndefu, saa moja jioni kila mtu akiwa amewasha vyake, transfoma moja imebebeshwa wateja wengi mno na msongo unashuka. Taa hufifia kama kibatari. Taa haidhuriki sana, lakini tazameni tenki la kupozea maziwa. Maziwa ya jioni yanaingia ya moto, nayo yanatakiwa kushushwa hadi nyuzi 4 haraka. Msongo ukishuka, mota ya kompresa huvuta mkondo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ileile. Waya zake za shaba zinapata joto, na siku moja koili inaungua. Wenye maziwa wanapoteza maziwa na mota kwa pamoja. Katika takwimu, usiku huo umeme ulikuwepo. Mita ya LUKU, ya malipo ya kabla, nayo iliendelea kukata uniti zake bila aibu.

Ulaya wana kiwango kinachotaka msongo upimwe kwa wastani wa kila dakika 10 kwa wiki nzima, na asilimia 95 ya vipimo hivyo visipotoke zaidi ya asilimia 10. Hatulazimiki kunakili tarakimu zao. Ninachokipenda ni mahali pa kupimia: pale mteja anapopokelea umeme. Nasi tufunge vifaa vya kurekodi msongo kwenye nguzo za mwisho za laini, visomwe na EWURA yenyewe, na matokeo yatangazwe laini kwa laini badala ya mkoa kwa mkoa. Uganda walikabidhi usambazaji kwa kampuni ya Umeme mwaka 2005, wakaurudisha serikalini mwaka 2025. Mwenye waya alibadilika, ila haja ya mtu wa nje wa kupima iko palepale.

Na adhabu? Uingereza, mteja akikaa bila umeme zaidi ya saa 12 katika hali ya hewa ya kawaida, ana haki ya kulipwa na kampuni ya usambazaji. Hapa TANESCO, inayotusambazia umeme, ni mali ya umma. Ukiitoza faini ikaenda Hazina, anayeumia mwishowe ni mnunuzi wa LUKU, yule yule aliyeunguliwa mota. Ndiyo maana faini ya jumla siiungi mkono. Ningependa kiasi hicho kibaki kwenye laini iliyoshindwa kufikia kiwango, kinunue transfoma ya pili na kukata matawi kabla ya masika, na EWURA ikague kazi hiyo kwa vipimo vya nguzo ileile ya mwisho.