Skrubu Mbili za Taya la Chini: Meno ya Bandia na Vipandikizi katika Zoni za Afya za Teritwari za Kasongo na Kabambare



Mada niliyopewa inahusu vipandikizi badala ya meno ya bandia ya kuvua. Nitaanza na wali, maana kwetu wali ndio unaoyaumbua meno ya bandia. Mtu asiye na jino hata moja akivishwa plati mbili, ya juu haimtesi sana: inafunika kaakaa, mate yanaishika, inatulia. Ya chini haina kaakaa la kushika. Imekalia ukingo mwembamba wa ufizi, na ulimi unaisukuma kila anapotafuna au kusema. Punje ya wali ikipenya chini yake, huchoma kama changarawe ndani ya kiatu. Ndiyo maana wapo wazee wanaoyavaa meno yao kwenda msikitini, kanisani au harusini, na sahani ikifika huyavua wakayatia mfukoni. Yamebaki ya kupigia picha.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu fundi. Mfupa unaoshika meno unadumu kwa sababu meno yapo. Yakishang'olewa, huanza kupungua, na haukomi. Antje Tallgren alichapisha mwaka 1972 matokeo ya kuwafuatilia watu wasio na meno kwa miaka 25, na alikuta taya la chini lilipoteza mfupa karibu mara nne kuliko la juu. Plati iliyokaa sawasawa leo itaelea baada ya miaka michache hata kama ilitengenezwa na fundi bora.

Kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayoshikwa na mfupa wa taya, kiliingia hapo. Mwaka 1952 Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu ndani ya mfupa wa sungura, na alipotaka kuondoa kifaa chake cha titani, alikuta mfupa umekishika, hakitoki. Mwaka 1965 huko Gothenburg alimwekea Gösta Larsson skrubu nne katika taya la chini. Larsson alikufa mwaka 2006, meno yake yakiwa bado yamesimama juu ya skrubu hizo.

Siku hizi matangazo yanaonyesha taya zima la meno yasiyotoka kabisa, juu ya skrubu nne au sita. Ni kazi nzuri, lakini kwa Kasongo na Kabambare nisingepoteza muda wa semina kuijadili. Linalotufaa ni dogo zaidi. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montréal, katika Chuo Kikuu cha McGill, walisema kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, plati inayoshikwa na skrubu mbili iwe ndiyo chaguo la kwanza. Skrubu mbili tu, kila moja pale ilipokuwa chonge. Taya la juu libaki na plati yake ya kawaida.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ufizi unafunguliwa, mfupa unatobolewa polepole, skrubu ya titani yenye urefu wa milimita 10 hivi inaingizwa. Mgonjwa anasubiri kama miezi mitatu mfupa uishike. Kisha juu ya kila skrubu kinafungwa kichwa cha duara, na ndani ya plati vinawekwa vikofia viwili vyenye pete ya mpira au nailoni. Mgonjwa akibonyeza plati, inasikika “ka!”, imenasa. Jioni anaivua mwenyewe na kuisafisha. Mara nyingi hata plati yake ya zamani inaweza kutumika, fundi akitoboa nafasi ya vikofia tu.

Hatari iko wapi? Kwanza, joto. Mfupa ukifikia nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa, na skrubu iliyowekwa katika mfupa uliokufa haishiki. Kwa hiyo inatakiwa mota inayozunguka polepole, umeme usiokatika katikati ya kazi, na maji ya chumvi yaliyo safi kabisa yakimiminika muda wote. Inatakiwa picha ya eksirei, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya na kutokeza karibu na kidevu. Ukiguswa, mdomo wa chini hubaki na ganzi. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hatakiwi kuharakishwa. Mvutaji wa tumbako aambiwe wazi kwamba nafasi yake ya kufanikiwa ni ndogo kuliko ya asiyevuta.

Pili, pete. Hili ndilo ninaloomba mlishike kuliko yote. Pete ile huchakaa, kwa mmoja baada ya miezi, kwa mwingine baada ya mwaka au zaidi. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Lakini kila kiwanda kina kichwa chake, pete yake na ufunguo wake, na cha huyu hakiingii kwa yule. Mgonjwa wa Saramabila aliyewekewa skrubu na wageni waliokuja wiki mbili wakaondoka, pete ikilegea atakwenda wapi? Atapanda pikipiki hadi Kasongo, atakuta hakuna ufunguo, atarudi na plati inayoelea kama ile ya kwanza, na sasa ina vichwa viwili vya chuma vinavyomchoma ufizi. Huyo afadhali asingeguswa.

Nani afanye nini, basi? Tunaloliuliza limewahi kujibiwa hapahapa. Miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ulionyesha kwamba kituo cha afya na hospitali ni mfumo mmoja: kituo kifanye yote kinayoyaweza karibu na watu, hospitali ibakiziwe yale yasiyowezekana kwingine. Dunia nzima imejifunza kutoka mji huu. Kwa meno hatujautumia.

Tukiutumia, kituo cha afya kingekuwa na ART (Atraumatic Restorative Treatment), mbinu ya kuziba meno iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, tundu linazibwa kwa saruji ya ionoma ya glasi, bila mashine wala umeme. Saruji hiyo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Jino lililozibwa Lusangi au Samba ni jino ambalo halitahitaji skrubu, na chonge mbili za chini zilizookolewa hufanya karibu kazi ileile ya skrubu mbili. Tunang'oa mno, jamani. Hospitali kuu ya rufaa ingekuwa na fundi wa plati, pamoja na sanduku la pete na funguo. Kuweka skrubu kwenyewe kungefanyika mjini penye daktari wa meno wa kudumu, Kindu au Bukavu, si Kabambare.

Ninaziomba zoni zetu sita, yaani Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila, zianze na mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Kila kituo kiandike katika daftari watu wasio na jino hata moja katika taya la chini, na kama wana plati wanayoweza kulia. Na msafara wowote wa wageni wanaotaka kuweka vipandikizi usipewe ruhusa mpaka ukubali kuacha hospitalini ufunguo, akiba ya pete, mtu aliyefundishwa kuzibadilisha, na kwa kila mgonjwa kadi yenye jina la kiwanda na ukubwa wa skrubu. Wakikataa, tuwashukuru kwa heshima na kuwaomba watuletee saruji.