Vijana, Nani Anawatuma?

(Hotuba iliyotolewa kwa vijana wa chama katika mkutano wa ndani wa tawi)



Vurugu zikitajwa, kawaida ya wakubwa ni kumnyooshea kidole kijana wa kijiweni. Eti mikanda ya Rambo imemharibu, eti mtoto aliyenunuliwa bastola ya plastiki sikukuu ya Idd keshakuwa jambazi. Ingekuwa hivyo, nani angesalia? Rambo yupo kwenye sinema tangu 1982, na mamilioni waliomtazama kwenye vibanda vya video walirudi nyumbani wakala ugali, wakalala.

Sisemi burudani haina neno. Inalo! Tazameni jirani zetu wa Rwanda. Interahamwe walikuwa umoja wa vijana wa chama tawala, MRND, na baadhi ya waliouanzisha walitoka kwenye vilabu vya soka mjini Kigali. Mpira, ndugu zangu! Kwenye mikutano walikuwa na sare, nyimbo na ngoma. Mwaka 1993 ikaja redio ya RTLM. Vijana waliipenda kwa sababu ilipiga muziki mzuri, na watangazaji wake walitania kama wako baa. Katikati ya utani huo jirani akawa "mende". Aprili 1994 redio ile ile ikawa inataja watu wa kusakwa, na kwenye vizuizi vya barabarani vijana wakashika panga mkono mmoja, chupa ya bia mkono wa pili. Katika siku mia hivi waliuawa watu wapatao laki nane, na wapo wanaosema zaidi ya milioni.

Sasa niulizeni vigogo walikuwa wapi. Baadhi yao na jamaa zao waliondolewa kwa ndege za Ufaransa Aprili hiyo hiyo. Kabuga, tajiri aliyeshtakiwa kuwa mfadhili wa redio ile, alikamatwa karibu na Paris Mei 2020, miaka 26 baadaye! Haki iliwafikia baadhi: Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa RTLM. Lakini yule kijana wa kizuizini hakuwa na ndege. Ama alifia msituni Zaire, ama alioza jela akisubiri gacaca.

Kwa hiyo mkanda peke yake haumpi mtu panga. Panga lina mnunuzi, bia ina mlipaji, na jina la jirani lina aliyeliandika.

Naona nyuso zinachangamka, mnadhani nawasema wenzetu wa chama tawala tu. La hasha. Na sisi humu tumeanza kuwavalisha vijana magwanda, kuwakimbiza mchakamchaka alfajiri na kuwapa marungu, eti walinzi wa kura. Nyimbo zinazoimbwa pale mnazijua, na wanaotajwa ndani yake ni watu wanaochota maji bomba moja na mama zenu. Kura inalindwa na wakala mwenye kalamu, aliyekula, asiyesinzia, mwenye nakala ya matokeo mfukoni. Rungu linampa FFU kisingizio anachokitafuta.

Katibu, naomba yale marungu yaliyo stoo yaorodheshwe leo, na tuambiwe nani aliyalipia.

Haya, maswali. Tuanze na wewe mwenye kofia.