Uadilifu Baina ya Kijana na Askari

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani, ninakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Hapa Kinyerezi vijana wetu hukaa vijiweni na bodaboda zao hadi usiku, wakitafuta riziki ya halali. Askari wa doria wanapofika, mmoja hukimbia kwa hofu, wa pili hujibu kwa ufedhuli, na wa tatu hupenyeza noti. Hakuna katika hayo linalomwokoa. Mkimbiaji huzidisha shaka juu yake. Mfedhuli hujitafutia kosa jipya. Na mtoa rushwa amelaaniwa na Mtume wetu sawa na mpokeaji.

Basi ewe kijana, simama. Toa salamu, mikono yako ionekane, na utaje jina lako kwa ukweli. Kisha uliza kwa upole kosa lako ni nini. Swali hilo si ujeuri, kwani sheria ya nchi inamtaka askari amweleze mtu sababu ya kumkamata. Ukifikishwa kituoni, omba jamaa zako wajulishwe, wala usitie sahihi maelezo usiyoyasoma. Nanyi wazazi, mkiitwa, fahamuni kwamba dhamana ya polisi hainunuliwi.

Lakini mzigo huu si wa kijana peke yake. Januari 2006, katika mji wetu huu, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi walikamatwa na polisi, wakauawa katika msitu wa Pande. Ilidaiwa kuwa ni majambazi. Tume iliyoundwa na Rais ikabainisha kuwa hawakuwa majambazi, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja wa polisi kwa mauaji hayo. Miaka kumi ilipita, na marehemu hawarudi.

Hayo ndiyo matunda ya dhana kutangulia uchunguzi. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosa kabla hatia yake haijathibitika. Na Surat Al-Hujurat ilikwisha kutuonya juu ya dhana, ikatuamrisha kuhakikisha habari.

Enyi askari mnaosali nasi safu moja, sare mtaivua jioni, lakini amana mliyopewa mtaulizwa juu yake Siku ya Kiyama. Nanyi majirani, msimwite kijana kibaka kwa sababu ya nywele au mavazi yake, kwani huenda neno lenu ndilo litakaloongoza mkono wa mwenye silaha.

Ewe Mola, walinde vijana wetu, waongoze walinzi wetu, na utujaalie sote kusimamia haki hata juu ya nafsi zetu. Amin.