Kutoa Damu kwa Ajili ya Mgonjwa Usiyemjua

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akaipitisha damu ndani ya mishipa yake usiku na mchana, naye mwenyewe amelala hana habari. Sala na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na Ali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, akina baba na akina mama! Maneno ya leo ni juu ya damu: ni lipi limfanyalo mtu kuitoa kwa ajili ya mgonjwa, na ni lipi limfanyalo kuizuia.

Watu wa pwani hii, tangu Kismayo na Koyama mpaka Chovai, Chula na Ras Kiamboni, si mabakhili. Chombo kikipotea baharini, watu hutoka kukitafuta. Mtu akifa, kaburi huchimbwa bila ya ujira. Hata damu hutolewa, mgonjwa akiwa ni jamaa: mjomba atakuja, ami atakuja, na ndugu atakunja mkono wa kanzu. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa, "Njoo utoe leo, damu itawekwa," hujibu, "Akiugua mtu wetu, niiteni." Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Huruma ipo, ila humngoja mgonjwa mwenye jina.

Na ufanywe mfano. Mzazi yuko Chula, usiku, wakati wa kusi. Mtoto ametoka salama, lakini damu ya mama haikatiki. Mkunga amefanya aliloliweza. Bahari imechafuka, na mashua haiondoki mpaka alfajiri. Afikapo hospitali ya Kismayo amefuatana na watu watatu: mumewe, mkunga na nahodha. Daktari ataka damu saa ile ile. Mkunga umri umempita. Nahodha damu yake haipatani na ya mgonjwa. Mume asema, "Chukueni yangu yote"; naye huambiwa ya kuwa damu ya mume si bora kwa mke ambaye bado atazaa, kwani mwili wake huweza kuifanyia uadui, na mimba za baadaye zikapata madhara. Jamaa wengine wako wapi? Baada ya vita vya 1991 wengi walihamia Lamu, Mombasa na hata Uingereza. Simu itawafikia, lakini damu haipiti katika simu. Aliyebaki wa kumwokoa mama huyu ni mtu asiyemjua, aliyetoa damu yake wiki iliyopita bila ya kujua itakwenda kwa nani.

Wala mfano huu si wa mbali. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa huua wazazi wengi duniani, na Somalia ni miongoni mwa nchi ambazo wazazi hufa kwa wingi zaidi. Wako pia watoto ambao malaria imewamaliza damu, na majeruhi kama wale wa hoteli ya Asasey, hapo hapo Kismayo, tarehe 12 Julai ya mwaka 2019, walipouawa watu 26.

Yafaa sasa kuzitazama hofu za watu moja moja, kwani hofu isiyojibiwa haiondoki.

Ya kwanza ni hofu ya udhaifu. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5, na itolewayo ni mililita 450 hivi, chini ya sehemu moja katika kumi. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe zake nyekundu kwa wiki chache. Kwa hivyo mwanamume hungoja miezi 3 ndipo atoe tena, na mwanamke miezi 4. Mwenye upungufu wa damu, mja mzito na asiyefika uzito wa kilo 50 hawachukuliwi. Wazee wa pwani wameumikwa kwa chuku tangu zamani, na damu ile humwagwa. Asiyeogopa chuku aogopeje sindano, na hali damu hii yaenda kumtia mtu uhai?

Ya pili ni hofu ya kupimwa. Damu hupimwa Ukimwi, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende. Na mtu huogopa kujulikana. Basi watu wa hospitali wajue ya kuwa siri ya mtoaji ni amana, na mwenye kuitoa nje ni haini. Naye mtoaji ajue ya kuwa maradhi yajulikanayo mapema hutibika vyema kuliko yaliyofichika.

Ya tatu ni hofu ya undugu. Wapo wanaouliza: ikiwa maziwa humfanya mtoto kuwa maharimu, je, na damu? Jambo hili lilikwisha kuamuliwa na Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, katika Rajab 1409 (Februari 1989). Kutiwa damu hakuleti uharamu wa kunyonya. Uharamu huo ni wa maziwa peke yake. Basi binamu huweza kumpa binamu yake damu, na kesho wakaoana.

Ya nne ni unajisi na saumu. Damu iliyotoka ni najisi, hapana shaka; lakini dharura ina hukumu yake, na uhai wa mtu ni dharura kubwa. Ama saumu, katika madhehebu ya Shafi kuumikwa hakuibatilishi, ila kwachukiza kwa kuwa kwadhoofisha. Basi mtoaji katika Ramadhani na aende usiku, baada ya kufuturu.

Ya tano ni biashara. Mtu husema, "Nitoe bure, kisha iuzwe?" Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya damu, na Baraza lile lile lilikataza kuiuza. Tena auzaye kwa ajili ya fedha huyaficha maradhi yake ili asikataliwe. Kwa sababu hiyo waganga wa dunia nzima wasema ya kuwa damu ya salama zaidi ni ya mwenye kutoa kwa hiari, bila ya ujira, na akarudi tena na tena.

Baada ya hofu, na yatazamwe yanayotia moyo. Tarehe 14 Oktoba 2017 Mogadishu ilipigwa kwa bomu kubwa, wakafa watu zaidi ya 500. Hospitali zilipolia kutaka damu, watu walijipanga wakatoa. Mfuko wa damu huandikwa A, au B, au AB, au O, makundi ambayo Karl Landsteiner alianza kuyabainisha mwaka 1901. Hauandikwi kabila. Katika nchi ambayo damu imemwagwa sana kwa ajili ya kabila, hilo lapasa kufikiriwa. Na Sura al-Maida, aya ya 32, imemfananisha mwenye kuokoa uhai wa mtu mmoja na aliyewaokoa watu wote. Wala aya haikusharutisha awe ni jamaa.

Lakini msiba ukipita, safu huvunjika. Na damu haiwekeki milele. Chembe nyekundu, zikihifadhiwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 6, hukaa siku 35 au 42, kisha hutupwa. Kwa hivyo watoaji wa siku moja ya kilio hawatoshi. Watakiwa wa kila msimu.

Basi kila msikiti wa Kismayo, na kila kisiwa, na uweke daftari. Vijana wenye afya wapimwe aina ya damu zao, yaandikwe majina na njia ya kuwapata, hata mahali pasipo na jokofu damu iwe imehifadhiwa ndani ya watu walio hai. Mashua itokayo Chula ikifika alfajiri, daftari na lifunguliwe, wala pasianzwe kuulizwa mgonjwa ni mtu wa nani.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na awajaalie watu wa pwani hii kuwa sababu ya uhai. Amin.

Wabillahi taufiki.