Rejista ni ya wote: jinsi tulivyoweka Debian kwenye kompyuta za chama

Maneno haya yalisemwa na katibu wa chama mbele ya mkutano mkuu, hapa Baraka. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili waliouliza zile kompyuta tatu zinafanya kazi gani.



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta. Naona wengine wameanza kutafuta ukuta wa kuegemea. Basi nianze na kitu ambacho kila mtu hapa anakijua: liste.

Sisi tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tunajua liste ni nini. Siku ya kugawa unga, jina lako likikosekana, unaweza kuwa umesimama pale mbele ya macho yao, watoto nyuma yako, lakini haupo. Siku ya kupanda meli Kigoma ilikuwa vilevile. Kwa hiyo tulipoanzisha chama hiki, kabla hata ya kununua kufuli ya kese, tulinunua daftari. Nani ametoa mchango, ametoa ngapi, nani amekopa, nani amefiwa akasaidiwa. Hiyo ndiyo rejista. Ikipotea hakuna chama tena, kunabaki watu wanaobishana.

Baadaye daftari likaingia ndani ya kompyuta. Na munakumbuka lilikaribia kupotea humo. Nilikuwa nimepeleka kle, ile tuliyoizoea kuita fulashi, mahali pa kuchapisha. Niliporudi ofisini na kuifungua, kila folda ilikuwa imegeuka alama ndogo yenye mshale. Ukibonyeza, hakuna kitu. Na mimi, kwa uvivu, nilikuwa na rejista ya miezi mitano ndani ya kle hiyo moja tu. Sikulala usiku ule. Kesho yake virusi vilikuwa vimeingia katika kompyuta zote tatu.

Kijana mmoja wa kwetu, ambaye munamjua, alikuja na kle yake iliyokuwa na Linux. Akaichomeka, akaiwasha kompyuta kutoka kwenye kle ile bila kugusa diski ya ndani, kisha akafungua kle yangu. Folda zote zilikuwapo! Kumbe virusi havikufuta kitu. Viliweka alama ya kuficha, alama ambayo Windows inaitii na Linux haiijali. Nisieleweke vibaya: kuna virusi vinavyofuta kabisa, na siku hiyo Linux haitakurudishia kitu. Sisi tulipata bahati. Lakini bahati si mpango, na komite ikaniambia nitafute mpango.

Wengine muliuliza: kwa nini tusinunue tu programu ya kuzuia virusi? Jibu ni kwamba ile Windows tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kunakiliwa, haina leseni, na haikuwa imepata masahihisho kwa muda mrefu. Kuweka mlinzi kwenye nyumba isiyo na mlango ni kupoteza mshahara. Tungelipa leseni tatu na bado tungelipa kila mwaka kwa ajili ya virusi. Pesa hiyo ni jeneza la mtu, ni mbegu za mtu.

Tukachagua Debian. Moyo wa mfumo huo ni Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Debian yenyewe ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na jina ni la watu wawili: Debra, mchumba wake, na Ian. Tangu hapo inatengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Ni mituelle kama yetu, isipokuwa wao wanachanga kazi. Kuinakili ni halali. Unaweza kumpa jirani na hakuna mtu atakayekuita mwizi.

Kilichotuvuta zaidi ni kwamba Debian inaweza kuwekwa bila intaneti. Faili la DVD ya kwanza lina karibu gigabaiti 4, na ndani yake mna mfumo, sura ya mezani, na LibreOffice ya kuandikia barua na kufanyia mahesabu. Mwanachama aliyesafiri Bukavu alitupakulia Debian 12, toleo la mwaka 2023. Kabla ya kuitumia tuliipima kwa amri ya sha256sum: inatoa herufi na namba 64, unazilinganisha na zile zilizotangazwa na Debian wenyewe. Hata moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani au limechezewa. Na mukumbuke: kuandika faili hilo kwenye kle kunafuta kila kitu kilichokuwemo. Kwa sura ya mezani tulichukua Xfce, juu ni nyepesi na kompyuta zetu ni wazee.

Kazi yenyewe haikuchukua saa mbili kwa kila kompyuta. Kilichotula siku nne ni makosa yangu. Nitayataja moja moja ili atakayefuata asiyarudie.

Kosa la kwanza, kibodi. Kompyuta zetu zina kibodi ya Kifaransa, yenye A kwenye kona ya juu. Mimi nikabonyeza haraka, nikakubali kibodi ya Kimarekani, nikaandika nywila. Baadaye nikarekebisha kibodi, nikawasha upya, nywila ikakataliwa. Nikaijaribu mara ishirini. Kumbe kila nilipobonyeza A, kompyuta ilikuwa imesikia Q, na namba zangu zilikuwa zimegeuka alama nyingine. Kwa hiyo: chagua kibodi sawasawa kabla ya nywila. Na ukifika kwenye saa, usichague Kinshasa. Chagua Lubumbashi, ndiyo saa yetu ya mashariki. Ukikosea, kila risiti itabaki nyuma kwa saa moja.

Kosa la pili, saa tena. Kompyuta moja ilikataa kabisa kuchukua programu. Ilisema hati ya ghala bado haijaanza kufanya kazi. Nikafikiri ni intaneti, nikanunua megabaiti nyingine. Hapana. Betri ndogo ya ndani, ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika, kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Kwa kompyuta ile, hati ilikuwa imeandikwa kesho! Tulibadilisha betri, tukarekebisha tarehe, mambo yakaenda.

Kosa la tatu, kompyuta iliendelea kuomba DVD ambayo hatuna. Ukiweka kutoka kwenye faili la DVD, Debian inakumbuka DVD ile kama ghala lake. Dawa ni kufungua faili la /etc/apt/sources.list, kuweka alama ya # mbele ya mstari unaoanza na deb cdrom, na kuhakikisha kuna mstari wa ghala la intaneti:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main

Hapa nieleze hili neno ghala, juu ndilo kiini cha yote. Munajua kuna dawa zinazouzwa sokoni kwenye sinia, juani, hakuna anayejua zimetoka wapi. Na kuna dawa za farmasi, zenye muhuri. Zamani tulikuwa tunachukua programu kwenye sinia: kle ya huyu, simu ya yule. Debian iko na ghala moja, lenye pakiti zaidi ya 60,000. Wenye ghala wanaandika liste ya pakiti zote na kutia sahihi. Kompyuta yako inakagua sahihi, halafu inalinganisha kila pakiti na liste ile. Isiyolingana inakataliwa. Kumbe hata kompyuta inaheshimu liste.

Amri ni mbili tu:

sudo apt-get update
sudo apt-get install hplip libreoffice-l10n-fr

Ya kwanza inasoma liste mpya. Ya pili inaleta unachotaka: hapa hplip ni kwa ajili ya printa yetu ya HP, na hiyo nyingine ni kuifanya LibreOffice iseme Kifaransa. Intaneti tuliipata kwa kuunganisha simu kwenye kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, tukaruhusu simu igawe mtandao.

Kosa la nne liliniuma mfukoni. Nilitaka kupakua mara moja tu, kisha ninakili pakiti kwenye kompyuta zile mbili nyingine. Pakiti hukaa katika folda ya /var/cache/apt/archives. Lakini mara ya kwanza nilikuwa nimetumia amri fupi, apt, na hiyo ikimaliza kuweka inafagia folda. Nikakuta tupu. Ukitumia apt-get, pakiti zinabaki. Nililipa megabaiti mara mbili. Baada ya hapo nikazichukua kwa kle, nikaingia ndani ya folda ile kwenye kompyuta ya pili, nikaandika:

sudo apt-get install ./*.deb

Ikakubali bila intaneti hata kidogo. Ya tatu vilevile.

Sasa nifike mahali ambapo si rahisi kwangu kusema.

Kila kitu kilipokuwa tayari, mutu mmoja tu ndiye alikuwa na nywila. Mimi. Sikufanya kwa ubaya, niliona ndiyo usalama. Halafu malaria ikanilaza. Wiki hiyohiyo mwenzetu mmoja akafiwa na mumewe. Sheria yetu inasema msaada wa mazishi unatoka siku ileile, baada ya kuangalia rejista. Mama wa kese akaenda ofisini, akawasha kompyuta, ikamwomba nywila. Aliogopa kutoa pesa bila kuona rejista, na alikuwa na haki. Yule mama alingoja siku nne. Alizika kwa deni. Jina lake lilikuwa kwenye liste, mchango wake ulikuwa kamili, lakini liste ilikuwa imefungwa ndani ya kichwa changu.

Nilimwomba msamaha nyumbani kwake. Leo namwomba tena mbele yenu.

Tulikimbia virusi, lakini kosa lilikuwa lilelile. Mara ya kwanza rejista ilikaa kwenye kle moja. Mara ya pili ilikaa kwa mutu mmoja. Kubadilisha programu hakukubadilisha hilo. Kwa hiyo komite imekubali mambo haya, na tayari yanafanyika.

Moja, kila kompyuta ina akaunti ya mama wa kese na akaunti ya katibu, kila moja na nywila yake. Akaunti za kazi za kila siku haziwezi kuweka wala kuondoa programu.

Mbili, wenye uwezo wa kuweka programu sasa ni wawili. Wa pili ameongezwa kwa amri ya sudo adduser, ikifuatwa na jina lake na neno sudo. Si ajabu kubwa, ni mstari mmoja. Ningeuandika siku ya kwanza, yule mama asingengoja.

Tatu, nywila zote zimo katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na watatu, inakaa katika sanduku la kese. Ikifunguliwa, tunaandika ni nani na kwa nini, kisha nywila zinabadilishwa.

Nne, kila Jumamosi rejista inanakiliwa kwenye kle mbili zinazolala nyumba mbili tofauti. Na kila mwisho wa mwezi inachapwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Karatasi haiombi nywila.

Mzee mmoja aliniuliza: kama yule kijana aliweza kuona mafaili kwa kuwasha kompyuta na kle, mwizi hawezi? Swali zuri, Mzee. Anaweza. Kuna njia ya kufunga diski nzima kwa siri, lakini nywila ya diski ikisahauliwa, kila kitu kimekwenda, hakuna fundi wa kukirudisha. Kwa sasa tumeona hatari ya kujifungia nje ni kubwa kuliko ya mwizi. Tunafunga mlango wa ofisi kwa kufuli mbili. Tutalizungumza tena siku tutakapokuwa na watu wengi wanaojua.

Kwa wafadhili wetu niseme wazi: hatuombi pesa ya programu. Hatukununua leseni hata moja. Tulichotumia ni betri tatu za CR2032, kle, na megabaiti, zikiwemo zile nilizopoteza mimi. Tunachokosa ni betri kubwa ya kushikilia umeme, ili kompyuta isizimike katikati ya kuandika rejista.

Na kwenu wanachama, ninaomba kitu kimoja. Mtoe vijana wawili, na mmoja awe binti, waje Jumamosi wajifunze. Tutafuta kompyuta ya tatu kabisa, nao wataiweka upya kwa mikono yao, kuanzia kibodi mpaka printa, mimi nimekaa kimya nyuma. Wakiweza, siku nitakapougua tena, au nitakapohama, au Mungu atakaponiita, hakuna mjane atakayengoja.

Yule mama aliyefiwa ameshasema binti yake atakuja. Bado mmoja.